Kugeuza grili ya gesi iwe bamba la chapati: mafundi na wapishi wa Kigoma naomba mawazo

#1 Kasuku wa Bangwe (mleta uzi)
Wakuu, heshima yenu. Nipo Kigoma mjini, Mwanga. Nimepata grili ya gesi kwenye mnada wa vyombo vya wageni waliokuwa wanafunga nyumba kurudi kwao. Ni ile ya kusimama, magurudumu mawili, vichomeo vitatu virefu, mfuniko mzito juu. Kibandiko cha ubavuni kinasema 30,000 BTU (kipimo cha nguvu ya joto) na kwamba ni ya matumizi ya Marekani. Mwili bado mzima, ila nyavu za kuchomea zimeliwa na kutu, ukizigusa zinamong'onyoka.

Nyama choma ya gesi kwa hapa sioni biashara. Mteja wa Mwanga anataka aone mkaa unawaka, ukimwambia gesi anakuuliza mishikaki imechomwa au imepashwa. Lakini chapati na mayai asubuhi, halafu jioni migebuka (samaki wa ziwani kwetu) wabichi kutoka Kibirizi, hivyo vinataka chuma bapa. Kwa hiyo nataka nitoe nyavu, niweke bamba moja la chuma lifunike juu kote. Tundu lenyewe ni sentimita 60 kwa 45.

Ninachoomba: chuma cha unene gani? Nikichomelee kabisa au kikae tu juu? Mtungi mdogo wa kilo 6 utaweza? Kuna fundi jirani ameniambia nimpelekee mfuniko wa pipa atamaliza kazi kabla ya adhuhuri, nikaona niulize kwanza huku.

#2 Mzee wa Lumumba
Nimeweka kiti hapa. Chapati ya kwanza naiagiza mimi, nalipa mwisho wa mwezi.

#3 Fundi Cheche
Mfuniko wa pipa achana nao. Ule ni bati la milimita moja na kidogo. Ukipata moto unabenuka katikati, mafuta yote yanakimbilia pembeni, ukipoa unarudi na mlio wa kukushtua. Halafu hujui pipa lilibeba nini kabla halijafika kwako.

Nenda kwa wauza vyuma ukaombe pleti nyeusi, chuma cha kawaida, mili 6. Kabla hujalipa jua uzito, maana ndio utakaoubeba: mita moja ya ujazo ya chuma ni kilo 7,850, kwa hiyo 60 kwa 45 ya mili 6 ni kilo 12 na robo tatu hivi. Mili 3 ni nusu yake. Mili 10 inafika kilo 21, utakuwa unaita vijana kila ukitaka kusafisha.

Usikubali chuma chochote kilichopakwa zinki, kile cheupe cheupe cha mabati na mabomba ya maji. Sisi tunaochomelea tunakijua, ukivuta moshi wake mchana, usiku unatetemeka homa kama mgonjwa wa malaria. Hakifai kukaa kati ya moto na chakula cha watu. Vyuma chakavu vyenye rangi ya zamani navyo viache, rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi. Stenlesi inapendeza machoni lakini inasambaza joto vibaya, kama theluthi tu ya chuma cheusi.

Ukishapata pleti, pande tatu pandisha ukuta wa sentimita 3 kwa chuma bapa. Mbele acha mfereji wa mafuta. Ukuta usichomelewe kwa mstari mmoja mrefu, pleti itapinda. Piga sentimita mbili tatu hapa, hamia upande wa pili, rudi, pumzisha. Mwisho unaishusha pleti juu ya grili na kuizungushia moto wa kuchomelea pande zote nne, haiyumbi na mafuta hayaingii ndani kwenye vichomeo. Kazi safi.

#4 Mama Zai
Mwanangu Kasuku, mimi napika chapati Ujiji tangu hao vijana wengine hapa hawajaota meno. Sikiliza fundi kwa unene, mili 6 isipungue. Chuma chembamba moto unapita moja kwa moja, chapati inapata doa jeusi pale moto ulipo na pembeni unga mbichi. Chuma kinene kinachelewa kupata moto, hilo ukubali, lakini kikishapata hakishtuki ukikiwekea chapati nne za baridi kwa mpigo. Chembamba kinazimika, ya kwanza inaiva na ya tatu inakauka kama kiatu kwa kusubiri.

Ila hilo la chapati na mgebuka bamba moja mimi silielewi. Mteja wa asubuhi akila chapati yenye harufu ya samaki wa jana harudi.

#5 Dogo Janja wa Katubuka
Chapati mgebuka two in one, bei moja 😂😂 ubunifu huo mama, usiupinge

#6 Mtu wa Mitungi
Niko Tabora, kazi yangu ni kufunga majiko ya gesi ya hoteli na shule. Nimesoma mpaka kwa Fundi Cheche nikaacha chai mezani.

Mkuu Kasuku, USIFUNIKE JUU KOTE na usichomelee pande zote. Unene wa chuma hata ukikosea utapika tu, utapika vibaya. Kwenye hewa ukikosea unaumiza watu.

Ile grili ilitengenezwa iwe wazi juu. Vichomeo vinavuta hewa kwa chini na kwenye tundu la mrija karibu na swichi, gesi inawaka, kisha hewa ya moto inapanda na kutokea katikati ya nyavu. Hapo kwenye nyavu ndipo bomba la moshi lilipokuwa. Sasa wewe unaziba bomba la moshi kwa kilo 12 za chuma. Joto litakosa njia ya juu, litageuka chini na mbele. Litaanza kuyeyusha vishikio vya swichi, kisha litafika kwenye valvu na mpira wa gesi. Na moto ukikosa hewa mpya unaanza kuwa wa njano, unatoa masizi na kaboni monoksaidi, gesi ya sumu. Hiyo haina harufu wala rangi. Ile harufu ya gesi tunayoijua imeongezwa kiwandani makusudi ili mtu ajue inavuja, lakini kaboni monoksaidi hakuna aliyekuongezea harufu.

Kwa hiyo bamba liwe dogo kuliko tundu. Nyuma acha nafasi ya vidole viwili angalau, kushoto na kulia kidole kimoja kimoja. Nyuma ndiko muhimu zaidi, kwa sababu joto utalitoa mbali na tumbo lako na mbali na swichi. Mfuniko wa grili utoe kabisa. Usiwahi kuufunga juu ya bamba huku moto unawaka.

Kuhusu kuchomelea: chuma kinatanuka. Bamba la sentimita 60 likipanda nyuzi 200 linaongezeka milimita moja na nusu hivi. Ukilifunga pande nne litatafuta pa kwenda, ama linabenuka ama linapasua ule mshono wako. Likalie tu pale nyavu zilipokaa, chini yake uweke vipande viwili vidogo vya engo (chuma cha umbo la L) vya kulizuia lisiteleze. Unalinyanyua, unaona vichomeo, unasafisha, unalirudisha.

#7 Fundi Cheche
Mtu wa Mitungi alisema: "Bamba liwe dogo kuliko tundu."

Mkuu nakuheshimu, ila mafuta yatapita hapo kwenye nafasi yadondokee kwenye moto. Utazima moto wa mafuta kwa nini, kwa dua? Mimi nimetengeneza majiko ya chapati mengi mjini hapa, yote nimeyazungushia.

#8 Mtu wa Mitungi
Hayo majiko yako ni ya mkaa au ya kichomeo kimoja chenye miguu, pembeni pako wazi kabisa, hewa inaingia na kutoka itakavyo. Hii ni sanduku. Sanduku lina kuta nne, ukilitia paa umejenga tanuri na swichi za plastiki zipo mlangoni.

Swali la mafuta ni halali. Jibu lake ni ule ukuta wako wa sentimita 3, nyuma na pembeni. Mafuta hayawezi kuruka ukuta yakienda kwenye nafasi. Bamba liinamishe kidogo kwenda mbele, unene wa sarafu chini ya miguu ya nyuma unatosha, mafuta yaje kwenye mfereji, mfereji uishie kwenye kopo lililoning'inia NJE ya grili. Zile paa ndogo za bati zilizo juu ya vichomeo msizitoe. Zinalinda kichomeo kisidondokewe na zinatandaza moto.

#9 Fundi Cheche
Haya. Ukuta nyuma nakubali. Ila mteja akilalamika bamba linacheza msije kwangu.

#10 Mwana Gungu
Mtu wa Mitungi tupe na la mtungi. Mimi nina huo wa kilo 6 unanipikia maharage wiki tatu, sioni kwa nini usipike chapati.

#11 Mtu wa Mitungi
Hesabu ni hii. 30,000 BTU kwa saa ni kilowati 8.8 hivi, vichomeo vyote vitatu vikiwa juu kabisa. Kilo moja ya gesi ina kilowati-saa 12.8 hivi. Ukigawanya unapata kwamba grili inakula karibu gramu 700 kwa saa. Mtungi wa kilo 6 ni saa nane na nusu kwa moto wa juu, wa kilo 15 ni saa 21 na ushee. Kwa kweli hutapika kwa moto wa juu muda wote. Bamba likishapata joto utashusha hadi nusu au chini ya hapo, kwa hiyo muda utaongezeka.

Tatizo la mtungi mdogo linakuja kabla haujaisha. Gesi humo ndani ni kimiminika. Ili iwe gesi lazima ichemke, na inapochemka inanyonya joto la mtungi wenyewe. Ukivuta taratibu mtungi unajipasha moto kwa hewa ya nje. Ukivuta kwa vichomeo vitatu mtungi mdogo unapoa haraka, utaona unatoa jasho kwa nje, presha inashuka na moto unalegea huku bado kuna gesi nusu. Watu wengi wanadhani wameuziwa gesi pungufu. Mtungi wa kilo 15 una mwili mkubwa wa kupokea joto, unastahimili. Na mtungi ukipoa usiumwagie maji ya moto wala kuusogeza karibu na jiko. Nimeyaona yote mawili.

Mtungi usikae chini ya grili, hata kama kuna kabati lake pale chini. Grili ilipokuwa na nyavu ilikuwa sawa, lakini kwa jinsi unavyoibadilisha sasa weka mtungi pembeni, mita moja na nusu, umesimama wima. Gesi ikivuja ni nzito kuliko hewa, inalala chini na kutafuta shimo, kwa hiyo msiuweke kwenye kibanda kilichozungushiwa turubai mpaka ardhini.

Regyuleta iliyokuja na grili ya Marekani mdomo wake hauingii kwenye mitungi yetu. Usilazimishe kwa mpira wa baiskeli. Nunua ya presha ya chini inayoendana na valvu ya mtungi wako, soma mgongoni iandikwe milibaa 28 au 30, maana grili za Marekani za gesi ya mtungi zinataka 27 au 28. Ile regyuleta nyekundu ya kuongeza na kupunguza, wanayotumia mama lishe kwenye majiko makubwa, isiguse hapo, itageuza kichomeo kuwa mdomo wa joka. Na soma kibandiko tena: kama kimeandikwa gesi asilia badala ya propeni, usiwashe. Vijitundu vyake ni vipana, vinahitaji kubadilishwa.

#12 Mwana Gungu
Kumbe ndiyo maana mtungi wangu ukipika makande huwa una jasho. Nilikuwa namlaumu shemeji anauchezea.

#13 Kasuku wa Bangwe
Asanteni sana wakuu. Nimeangalia, kibandiko kinasema propeni. Mtungi nitaazima wa kilo 15 kwa dada yangu Mlole. Kibanda kina turubai nyuma tu, mbele na pembeni wazi, nitalikata lisifike chini.

Sasa la Mama Zai la harufu ya samaki limenikaa. Nikiweka bamba mbili badala ya moja? Yaani 28 kwa 42 kila moja, katikati nafasi ndogo, moja ya chapati na moja ya samaki.

#14 Mtu wa Mitungi
Hapo umepiga penyewe. Bamba mbili za mili 6 za vipimo hivyo kila moja ni kilo 5 na nusu, mtu mmoja ananyanyua. Nafasi ya katikati nayo inatoa hewa, ila kila bamba liwe na ukuta wake upande huo. Na usiifanye kubwa, usije ukapoteza joto hapo. Kichomeo cha katikati kitahudumia bamba zote mbili, cha kushoto na cha kulia kila kimoja na lake. Asubuhi chapati tu unawasha viwili na unaokoa gesi.

#15 Mama Zai
Mwanangu umesikia. La samaki liweke upande upepo unakoelekea, siyo unakotoka.

#16 Bibi wa Mawese
Na kulifanya chuma jipya lisishike chapati mnafanyaje? Huku kwetu mawese yapo kila nyumba, si unapaka tu mawese unachoma?

#17 Mama Zai
Mawese ya kupikia maharage na mgebuka wa mchuzi, hapo hayana mpinzani. Ya kulea chuma, hapana. Nimewahi kuona binti amepaka, bamba likawa linanata kama gundi na chapati zikatoka na rangi ya chungwa.

#18 Mtu wa Mitungi
Mama yuko sahihi na sababu ipo. Mawese karibu nusu yake ni mafuta ya aina ile inayoganda, ndiyo maana asubuhi ya baridi yanakuwa mazito kwenye chupa. Mafuta ya namna hiyo hayakauki vizuri juu ya chuma. Ili bamba lipate ile ngozi nyeusi ngumu unataka mafuta ambayo yakipata joto yanashikana na kugeuka utando mgumu. Alizeti inafaa, sehemu kubwa ya mafuta yake ni ya aina hiyo, na chupa za alizeti ya Singida hapa Tabora zimejaa, Kigoma nadhani hazikosekani.

#19 Fundi Cheche
Kabla ya mafuta kuna kazi yetu. Pleti mpya ina gamba la kiwandani, lile la bluu nyeusi linalong'aa. Watu wanapaka mafuta juu yake, baada ya muda gamba linabanduka na mafuta yako. Liondoe kwa grenda yenye diski ya msasa, au kama hutaki kelele lilaze kwenye siki usiku kucha kisha brashi ya waya. Likishakuwa jeupe la kijivu osha kwa sabuni na maji ya moto, kausha papo hapo juu ya moto. Ukiliacha nusu saa na unyevu wa huku ziwani utakuta limeshaanza wekundu. Kingo zote zipite na grenda, usije ukakata kidole kila ukisafisha.

#20 Mama Zai
Baada ya hapo: bamba lipate moto kiasi, paka alizeti kidogo sana kwa kitambaa cha pamba, halafu chukua kitambaa kikavu ulifute kana kwamba umejuta kupaka. Kinachobaki ndicho kinachotakiwa. Ongeza moto mpaka litoe moshi na moshi uishe wenyewe. Lirudie hivyo mpaka liwe jeusi. Ukipaka mengi kwa haraka linafanya malengelenge na kubanduka kwenye chapati ya mteja.

Mwezi wa kwanza lisiguswe na limau, nyanya wala ukwaju, linavua nguo yote. Samaki wako mtie limau akiwa kwenye sahani.

#21 Mzee wa Lumumba
Serikali inasema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania tupike kwa nishati safi. Naona Mama Zai na Kasuku watatufikisha kabla. Mkaa wa huku unavyopanda bei kila masika, mimi sina neno.

#22 Mama Zai
Mzee wangu, mimi mkaa sijauacha. Gesi ya asubuhi, mkaa wa jioni. Mtungi ukiisha saa moja usiku Ujiji unampigia nani?

#23 Kasuku wa Bangwe
Wakuu mrejesho. Bamba mbili tayari, mili 6, Fundi Cheche mwenyewe ndiye aliyezitengeneza (tumejuana humu humu, kumbe karakana yake naipita kila siku). Hajazizungushia. Zimekaa juu ya engo, ukuta pande tatu, mfereji mbele, makopo mawili ya maziwa yananing'inia kwa waya. Nyuma nafasi ya vidole viwili kama alivyosema mkuu wa Tabora.

Nimewasha bila bamba kwanza. Vichomeo viwili vina moto wa bluu mzuri. Cha kushoto moto ni wa njano, umelala, na kuna mwanga mdogo unaonekana karibu na swichi kwa ndani. Nimezima haraka. Ni nini hicho?

#24 Mtu wa Mitungi
Umefanya vizuri kuzima. Grili ilikaa stoo muda gani? Buibui. Siyo utani, buibui wanapenda ile mirija, wanajenga utando ndani pale gesi inapokutana na hewa. Gesi ikikuta utando inarudi nyuma na kuwaka kwenye swichi badala ya kwenye kichomeo. Funga mtungi kabisa, toa kichomeo, pitisha brashi ndefu nyembamba ya chupa au waya uliofungwa kitambaa, pulizia. Vitundu vya juu vilivyoziba zibua kwa msumari mwembamba, usivipanue. Unaporudisha hakikisha mdomo wa mrija umevaa juu ya kijitundu cha gesi, siyo pembeni yake. Kisha maji ya sabuni kwenye kila kiungo kuanzia mtungi, ukiona povu linakua panavuja. Mpira wa zamani uliokuja nayo tupa, hata kama unaonekana mzima. Ukunje mpira huo, ukiona mipasuko midogo umepata jibu.

#25 Dogo Janja wa Katubuka
Buibui wa Marekani kasafiri mpaka mwisho wa reli kuja kula gesi ya Mwanga 😂

#26 Kasuku wa Bangwe
Dogo umenichekesha lakini ni kweli, umetoka utando mweupe kama pamba na mayai yake. Mpira nimebadilisha. Sabuni nimepaka, kiungo cha regyuleta kilikuwa kinatoa povu dogo, nimekaza, limeisha. Moto sasa bluu kote.

Bamba linachukua kama robo saa kupata joto la chapati, kwa moto wa juu, kisha nashusha karibu na chini kabisa. Swichi zinapata uvuguvugu tu, nazishika bila shida. Mama Zai unajuaje limefika? Nimeunguza kadhaa.

#27 Mama Zai
Nyunyiza tone la maji. Likilia na kufa hapo hapo bado. Likilia na kutawanyika vizuri, hapo weka chapati. Likigeuka shanga na kukimbia juu ya chuma limepita, shusha moto subiri. Kama huna uhakika nyunyiza unga mkavu kidogo, uwe wa kahawia taratibu, usiwe mweusi mara moja. Na pima kila sehemu, usipime katikati tu. Juu ya kichomeo pana moto kuliko pembeni. Hapo pembeni ndipo unapozipumzisha zilizoiva zisipoe. Siyo kasoro, itumie.

#28 Mwana Gungu
Kusafisha? Mimi naona watu wanamwaga jagi la maji ya baridi juu ya chuma cha moto, mvuke unapanda hadi paa.

#29 Fundi Cheche
Wanaofanya hivyo ndio wateja wangu wa kunyoosha. Chuma cha moto ukikimwagia maji ya baridi ghafla kinapinda. Zima moto, likiwa na joto la kati kwangua kwa skrepa ya mafundi rangi, mpya, ya upana wa mkono, kisha maji kidogo ya vuguvugu, futa, paka alizeti nyembamba. Kipindi cha mvua lifunike usiku. Likipata kutu usilie, msasa na uanze upya ile kazi ya Mama Zai.

#30 Kasuku wa Bangwe
Nimeanza kuuza. Asubuhi chapati na mayai, bamba la samaki bado nalitengeneza ngozi. Kitu ambacho sikukitarajia ni mayai: yakivunjwa juu ya bamba yanafuata ule mwinamo na kukimbilia kwenye mfereji. Nimetafuta pete za chuma za kuyazuia.

#31 Mama Zai
Kata kopo la nyanya juu na chini, kingo uzikunje. Au mvunjie yai juu ya chapati yenyewe ikiwa bado upande mmoja, geuza. Ndivyo wanavyopenda vijana wa stendi.

#32 Mzee wa Lumumba
Nimepita leo asubuhi. Chapati laini, haina doa. Deni langu liandike.

#33 Mtu wa Kasulu
Wakuu nimefuata uzi wote. Mimi grili sina, nina nusu pipa la kuchomea kwa mkaa. Naweza kuweka bamba hilo hilo juu?

#34 Fundi Cheche
Unaweza, ila la mkaa lina mambo yake, majivu na mlango wa hewa wa chini. Fungua uzi wake, tutakuja.